Barua ya wazi kwa Mkuu wa Idara ya Mifugo: Njoo uchukue sampuli

Ndugu Mkuu wa Idara,

YAH: KUKU WALIOKUFA MWALONI KWETU BILA KUPIMWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfugaji katika wilaya unayoihudumia, hapa mwaloni, wanapoegesha mitumbwi wavuvi, kando ya Ziwa Victoria. Pokea salamu zangu, na uniwie radhi kwa kukuandikia mbele za watu. Simu nimepiga mara sita. Ofisini nimefika mara mbili, na mara zote mbili nimekaa kwenye benchi hadi mlango ukafungwa.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilifungua banda alfajiri nikakuta majogoo wawili wamelala chini ya kichanja. Vilemba vilikuwa vimegeuka zambarau, karibu vyeusi, na miguu imevilia damu chini ya magamba. Kufikia jioni walikuwa wamekufa kumi na mmoja. Siku ya nne, kati ya kuku 180, nilibaki na 23.

Afisa wako alinijibu kwenye simu kabla sijamaliza kueleza: "Hicho ni kideri, mama. Choma, fukia." Nikamwambia kideri nimewachanja wiki tano zilizopita, tone moja kwenye jicho, kuku mmoja mmoja, mimi nawashika na mwanangu anadondosha dawa. Akasema basi chanjo iliharibika. Inawezekana, maana dawa ile ilikuja kwa bodaboda juani. Lakini yeye amejuaje, naye hajamwona hata kuku mmoja? Kideri na mafua ya ndege vinafanana mno: kuhema kwa shida, uharo wa kijani, shingo kupinda, vifo vya ghafla. Bata wa jirani yangu hawakuugua, na hilo nalo halitoi jibu, kwa sababu bata anaweza kubeba ugonjwa wowote kati ya hayo mawili na asionyeshe dalili. Jibu linatoka kwenye kijiti cha pamba kinachopitishwa kooni na kwenye njia ya haja, kikatiwa kwenye chupa, chupa ikakaa kwenye barafu hadi maabara. Hicho kijiti ndicho ninachokiomba.

Kuna jambo jingine nililolisema na hakuna aliyeniuliza zaidi. Siku mbili kabla ya kuku wangu kuanza kufa, wavuvi waliokota buabua tisa, wale ndege wadogo wa majini, wamekufa kwenye matete. Watoto waliwachezea, mbwa wakala waliobaki.

Wewe ni msomi, unakumbuka Januari 2017. Ng'ambo ya ziwa hilihili, Lutembe karibu na Entebbe, ndege wa porini walikutwa wamekufa, wengi wao buabua wenye mabawa meupe. Wenzetu walichukua sampuli, wakapima, wakakuta mafua ya ndege aina ya H5N8, na kule Masaka yakakutwa kwa bata na kuku wa kufugwa. Mwezi huohuo Kenya ikazuia kuku wa Uganda. Mwaka huohuo yakajitokeza Ituri, Kongo, upande wa Ziwa Albert. Buabua hao huzaliana Ulaya ya mashariki na Asia, huku kwetu wanakuja kukimbia baridi. Wanatua kwenye maji tunayochota sisi, na wanapotua nani anawaangalia? Mgambo? Watoto wangu?

Na si ndege peke yao. Machi 2024 Marekani walivikuta virusi vya H5N1, aina nyingine ya mafua ya ndege, kwa ng'ombe wa maziwa, na paka wa mashamba hayo wakafa. Kule Hong Kong mwaka 1997 aina hiyo ya H5N1 iliugua watu 18, wakafa 6. Mimi mizoga ya kuku wangu niliibeba kwa mikono mitupu, mjukuu yuko mgongoni. Naomba uisome sentensi hiyo mara mbili.

Miaka miwili iliyopita ulikuja hapa mwaloni, ukasimama chini ya mwembe ukatuahidi kwamba kila mwalo mtu mmoja atafundishwa kuchukua sampuli, na kasha la barafu litawekwa ofisi ya kata. Tulipiga makofi. Kuku mliokula mchana ule walitoka bandani kwangu, na sikudai hata shilingi, kwa sababu niliamini.

Wengine wanasema mnaogopa jibu, kwamba ugonjwa ukitajwa soko la mayai litafungwa. Mimi nadhani ni mafuta ya gari tu. Vyovyote iwavyo, kimya chenu kina gharama. Jirani yangu alipoona kuku wake wawili wanasinzia, aliwauza wote kwa mchuuzi jioni ileile, wakapandishwa basi kwenda mjini. Simlaumu sana. Akitoa taarifa, kuku watateketezwa, na habari ya fidia hakuna aliyewahi kumwambia. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mfugaji atoe taarifa. Mimi nimetoa. Nimetoa mara nane sasa, na hii ni ya tisa.

Mkopo wa kikoba niliochukua kununulia vifaranga bado naudaiwa laki sita, na kila Jumamosi wenzangu wananitazama usoni. Sikuombi unilipie. Sikuombi hata fidia leo. Naomba mtu mmoja mwenye kijiti na chupa.

Kuku wawili wa siku ya mwisho sikuwachoma. Nimewafunga kwenye nailoni tatu, nimewaweka kwenye kasha bovu la samaki nyuma ya nyumba, mbali na watoto, na kila asubuhi nanunua barafu kwa fedha ya kukopa. Leo ni siku ya tano. Tuma mtu kabla sijashindwa kununua ya kesho.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama mfugaji, mwaloni