Mbunge ameuliza, serikali imejibu nini?

Kwa Mhariri,

Assalaam aleikum, hujambo wewe na wasomaji wako wote. Naandika kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, mimi ni msomaji wa gazeti lenu wa siku nyingi, huku hutufikia kwa kuchelewa manake lazima livuke maji kutoka Mokowe lakini twalisoma hivyo hivyo hata likiwa la jana. Nataka kusema kuhusu wabunge wetu na haya maswali wanayoiuliza serikali juu ya mambo ya haki, yaani watu waliopotea, ardhi, fidia, kesi zisizoisha. Kuna jambo halizungumzwi na mimi naona ndilo kubwa kuliko yote. Swali linaulizwa, sawa, lakini jibu hakuna anayelifuata.

Mambo huwa hivi. Mbunge anasimama Bungeni anaongea kwa uchungu, mtu anakata klipu ya dakika mbili, kabla ya magharibi imeshaingia kila grupu la wasap kuanzia Kiunga mpaka Malindi mpaka Mombasa. Pale Mkunguni mbele ya ngome simu moja inazunguka watu watano, huyu asema ametusemea, yule asema anatafuta kura tu huyo, na mabishano yote ni juu ya vile alivyosema, alisema kwa nguvu au hakusema kwa nguvu, alimkata Spika au hakumkata. Wiki ijayo kuna klipu nyingine. Sasa waziri alijibu nini? Hakuna ajuaye, na ukiuliza watu wakuangalia kana kwamba waleta fitina.

Mimi siwezi kulichukua jambo hili kama siasa ya kupita. Kuna mama mmoja wa visiwani, simtaji yeye wala kisiwa chake, mtoto wake wa kiume alichukuliwa upande wa bara na watu wasiovaa sare na mpaka leo hajaonekana. Huyu mama ana mfuko wa plastiki, ule wa kubebea vitu dukani, ndani mna kopi ya kitambulisho cha mwanawe, picha mbili za pasipoti, na kipande cha karatasi chenye namba ya OB, yaani ya kitabu cha ripoti cha polisi, ambayo wino wake umeanza kupauka. Hiyo namba hakuipata kirahisi, kituo kimoja walimwambia aende kingine, kule wakamwambia arudi kesho. Mfuko huo haulali mbali na yeye. Siku alipoonyeshwa klipu ya mbunge akiulizia watu waliopotea hakutaka kujua ni mbunge wa chama gani wala wa wapi, alichouliza ni wamemjibu nini. Sikuwa na la kumwambia nikaanza kutafuta mwenyewe kwenye hansadi.

Hansadi za Bunge ziko kwenye tovuti yao, ni bure, kila neno linalosemwa mle ndani limeandikwa. Wengi wetu hatujawahi kuzifungua. Ukizisoma utaona jinsi majibu ya serikali katika mambo haya yanavyofanana: uchunguzi unaendelea, mtu huyo hayuko mikononi mwa polisi, familia ipige ripoti kituo cha karibu. Kesho likiulizwa tena ni yale yale, na mara nyingi halijaulizwa tena kwa sababu aliyeuliza ameshahamia jambo lingine. Uchunguzi unaendelea mpaka lini? Nani anauchunguza, afisa gani, kituo gani, faili namba ngapi? Hapo ndipo swali la mbunge linatakiwa kubana na hapo ndipo mara nyingi linalegea.

Sheria yenyewe haina ugumu. Katiba ya 2010 kifungu cha 49 yasema mtu akikamatwa afikishwe mahakamani si zaidi ya saa 24, isipokuwa hizo saa zikiangukia siku ambayo mahakama haikai ndipo zasogea kidogo. Kifungu cha 25 kimetaja haki ambazo serikali haiwezi kuzipunguza kwa sababu yoyote ile, na mojawapo ni haki ya jaji kuamuru mtu aliyeshikwa aletwe mbele yake. Hakuna mahali pameandikwa isipokuwa Lamu. Hakuna mahali pameandikwa isipokuwa kukiwa na operesheni. Sisi tuliona Mpeketoni Juni 2014 watu zaidi ya 60 wakauawa, hakuna mtu mwenye akili hapa anayetetea unyama ule, na tukaishi na kafyu na wavuvi wakazuiwa kwenda baharini usiku, kisha 2015 ikaja Operesheni Linda Boni ya kuwasaka al-Shabaab kwenye msitu wa Boni. Twataka usalama kuliko hao wanaotuhubiria usalama wakiwa Nairobi. Lakini mwenye kosa ashtakiwe, ana mahakama yake, ana hakimu wake, na mzazi wake ajue yuko jela gani ampelekee sabuni.

Mwaka wa 2024 vijana wa Nairobi na miji mingine walipoanza kutekwa baada ya yale maandamano ya Juni nchi nzima ilipiga kelele, Tume ya Haki za Kibinadamu ikahesabu visa 82 kufikia mwisho wa mwaka. Nilifurahi kuona nchi imeamka wallahi, na pia nilisikia uchungu manake pwani hii tumelia miaka mingi kabla ya hapo, mashirika ya haki ya MUHURI na Haki Africa waliandika ripoti zao, na tukaambiwa tunatetea magaidi. Basi mbunge wa huku akisimama ana mlango wazi sasa. Na asiulize tena kwa jumla, aulize vitu ambavyo waziri hawezi kuvikwepa. Kenya ilitia sahihi mkataba wa kimataifa wa kuzuia watu kupotezwa mwezi wa Februari 2007, mbona haijauridhia? Tarehe ni ipi? Sheria ya huduma ya kitaifa ya uchunguzi wa vifo ilipitishwa 2017, ile ambayo mtu akifa kwa utata anachunguza afisa asiyekuwa polisi, mbona imekaa kwenye makaratasi miaka yote hii? Maswali kama hayo hayahitaji uchunguzi unaendelea, yahitaji ndio au la, na siku.

Watu wa Malindi wanajua thamani ya hiyo sheria. Aprili 2023 pale makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie yalipoanza kufukuliwa msituni Shakahola, miili ikapita 400, mochari ya Malindi ikalemewa, familia zikasubiri DNA, miili ya kwanza ikatolewa kwa wenyewe Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Na mhubiri mwenyewe alikuwa ameshakamatwa 2017 na tena 2019! Seneti ikaunda kamati chini ya Seneta Danson Mungatana wa Tana River, wakazunguka, wakaandika ripoti. Wangapi kati yetu wameisoma? Wabunge wangapi wamerudi kuuliza yale mapendekezo yamefikia wapi? Siwalaumu wote, lakini ile hasira ya Aprili 2023 niliyoiona kwenye runinga siioni tena, na makaburi mengine ya Kwa Binzaro yakaja kutukuta 2025 tukashtuka upya kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Mbunge hana askari, hana jela, hana faili za uchunguzi, chombo chake ni mdomo na Katiba imemlinda kifungu cha 117 asishtakiwe kwa analolisema mle ndani. Kinga hiyo watu waliilipia ghali. Mbunge J.M. Kariuki aliuawa Machi 1975, Bunge likaunda kamati iliyoongozwa na Elijah Mwangale, ikachunguza na ikaleta ripoti, na Masinde Muliro aliyekuwa waziri akafukuzwa kazi kwa sababu aliiunga mkono. Oktoba mwaka ule ule Martin Shikuku na naibu Spika Jean-Marie Seroney wakakamatwa pale pale kwenye majengo ya Bunge kwa maneno waliyoyasema ndani, wakawekwa kizuizini hadi Disemba 1978, Mzee Kenyatta ameshafariki. Sasa mbunge wa leo ambaye hakuna atakayemkamata kwa swali lake, anashindwaje kuliuliza mara ya pili?

Na kuna hili la fidia ya wavuvi, hapa nitakaa kidogo manake latugusa nyumba kwa nyumba. LAPSSET, ule mradi wa bandari ya Lamu na njia za kwenda Ethiopia na Sudan Kusini, ilizinduliwa Machi 2012, Rais Kibaki alikuja na viongozi wa nchi hizo mbili. Mwaka huo huo watu wa Lamu wakaenda mahakamani. 2018 majaji wa Mahakama Kuu Malindi wakaamua kwamba haki zetu zimevunjwa, mazingira, riziki, utamaduni, hata haki ya kupewa habari, na wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Watu walishangilia hapa. Kisha ikaja rufaa, yakaja mazungumzo ya nje ya mahakama, sehemu pesa taslimu sehemu vifaa vya uvuvi, na Mei 2021 gati la kwanza likafunguliwa meli zikatia nanga huku mvuvi bado asubiri. Mvuvi wa Amu mwenye dau na wavu hawezi kwenda bahari kuu, riziki yake ilikuwa mle mle kwenye mkondo na mikoko ambako walichimba. Kuna wazee walioandikishwa kwenye ile orodha wamekufa. Warithi wao wako kwenye orodha? Jina likikosewa herufi moja mtu aende wapi? Hayo ndiyo maswali ya kumuuliza waziri, kiasi gani kimelipwa, kwa nani, lini, waliobaki ni wangapi, siyo kusimama na kusema wavuvi wetu wanateseka. Wanateseka twajua.

La ardhi nitalipitia tu kwa sababu likianza haliishi. Julai 2014 Rais Uhuru alitangaza kufuta hati za ekari 500,000 za Lamu zilizopewa kampuni 22. Nusu milioni ya ekari! Nasi twataka kujua zile ekari ziko kwa nani leo, kwa maandishi. Na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013, ambayo ndani yake mna dhuluma za pwani, Bunge lenyewe ndilo lililoikalia, kwa hiyo hapa mbunge asimuulize waziri peke yake, aulize na wenzake waliokaa naye.

Kuna watu wataniambia utaratibu haumruhusu mbunge. Wamruhusu. Zamani mawaziri walikuwa wabunge na walikuwa wanajibu pale pale, Katiba mpya ikawatoa, tukakaa miaka majibu yanasomwa na wenyeviti wa kamati kama barua za watu wengine, lakini tangu 2023 mawaziri wanaitwa tena mbele ya Bunge lenyewe na maswali ya nyongeza yanaruhusiwa. Na kuna Kamati ya Utekelezaji ambayo kazi yake ni kufuatilia maazimio ya Bunge na ahadi zinazotolewa na serikali mle ndani, yaani waziri akisema nitaleta ripoti kuna watu wanaolipwa kumkumbusha. Mbunge asiyeitumia kamati hiyo ni kama mtu aliyetega dema asirudi kulitazama.

Na sisi wananchi pia tuna njia yetu, kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, hata yule mama mwenye mfuko wake, si lazima awe na wakili wala awe na mtu Nairobi. Vijana wanaojua kuandika wawaandikie wazee. Imamu atangaze baada ya Ijumaa, wenye majina yanayokosewa kwenye orodha ya fidia walete kopi zao. Tumezoea kumngojea mbunge afanye yote halafu tumtukane.

Ombi langu kwa wabunge wa Lamu Mashariki na Magharibi, seneta na mwakilishi wa kina mama, na wenzao wa Kilifi, ni hili. Bunge likienda likizo njooni mtusomee majibu. Siyo hotuba. Shikeni karatasi, semeni tuliuliza hivi tarehe fulani, waziri alijibu hivi, hili hajalijibu. Msifanye Mkunguni tu, nendeni Faza, nendeni Kizingitini na Kiunga na Witu, wale ndio hawaoni hata hizo klipu mtandao ukipotea. Na jibu likiwa baya tusomeeni hivyo hivyo, watu wa huku wamevumilia mengi hawatavunjika kwa karatasi.

Na wewe ndugu Mhariri waweza kutusaidia sana. Gazeti linaandika mbunge akiuliza, kwa herufi kubwa na picha. Tafadhali tengeni hata safu ndogo tu ukurasa wa ndani, kila wiki, muandike swali fulani la haki liliulizwa siku fulani na jibu lake ni hili, na kama halijaja muandike halijaja na jina la wizara, na wiki inayofuata muandike tena.

Wasalaam,

Msomaji wenu, Langoni, Amu