Msilivue lipiko uwanjani: barua kwa wajukuu zangu wasomaji

Wajukuu zangu,

Jumamosi iliyopita mliondoka barazani kwangu Chikongola bila kuagana. Tangu tuanze kusoma pamoja hilo halijapata kutokea. Vikombe vya chai vilibaki vimejaa, mihogo ikapoa kwenye sinia, nami nikabaki nimeshika vitabu vinne, kimoja kimechanika jalada kwa kuvutwa huku na huku. Usiku ule sikulala vizuri. Nimeona niwaandikie nyote kwa pamoja, tena kwa barua ya wazi, kwa sababu maneno mliyotupiana yalisikika mpaka barabarani. Jirani mmoja alikuja asubuhi kuniuliza mligombania nini. Nilipomwambia ni mwisho wa riwaya, alinitazama kwa muda mrefu.

Riwaya yenyewe sitaitaja jina, na mwisho wake sitausema. Kati yenu 17, watano bado zamu yao haijafika, maana nakala ni hizo nne tu tulizochangia baada ya malipo ya korosho. Basi nitazungumza kwa kuzunguka, na waliokwisha kusoma watanielewa: habari za mwenye duka aliyepotea usiku wa maulidi, watoto wake watatu, na mlango wa uani.

Upande mmoja mnasema mwandishi amewadanganya. Mmoja wenu alisema, sauti ikimtetemeka, kwamba ametembea na mtu yule kurasa 300, amemwonea huruma, amemtetea mbele ya wenzake, halafu kwenye kurasa sita za mwisho anaambiwa vile. Upande wa pili mkacheka. Mkasema wenzenu walikuwa wakisoma huku wamelala, dalili zilikuwa wazi tangu mwanzo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nikasikia "nyie mnajifanya wasomi," nikasikia "rudini darasa la nne," na binti mmoja akainuka akalia, akatoka. Nilikwenda kwao Jumapili. Analolilia nalijua sasa, lakini ni lake, sitalibeba kwenye barua. Naomba tu mkumbuke kwamba kitabu humkuta mtu na mambo yake. Mwenzako anapolia kwa ukurasa ambao wewe umeupita ukitabasamu, usidhani hajui kusoma. Huenda yeye ndiye aliyesoma kwa karibu zaidi.

Nataka kuwasimulia jambo la ujana wangu. Mwaka 1966, nikiwa mwanafunzi wa bweni, tulipata nakala moja ya Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, mwenzake Najum akimfuata nyuma, sisi wasichana wa bara ya Newala na Masasi tukaingia nao Unguja ambako hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Kitabu kilisomwa na bweni zima mpaka kikalegea uzi. Kilipofika kwangu, kurasa za mwisho hazimo. Waliokwisha kukisoma kabla hazijapotea walikuwa wamehitimu na kuondoka. Muhula mzima tukabishana muuaji ni nani. Mimi nilikuwa na jibu langu na nililijenga vizuri: nilikuwa na sababu, nilikuwa na saa, nilijua hata alisema nini aliponaswa. Miaka mitatu baadaye nikaipata nakala kamili mjini Lindi, nikasoma mwisho nikiwa nimesimama. Nikakasirika. Nilikasirika kweli, nikakirudisha kitabu rafuni kwa kukitupa.

Imenichukua muda mrefu kuelewa kwamba sikumkasirikia mwandishi. Nilikuwa nimejenga nyumba yangu mwenyewe juu ya kiwanja chake, nimeikalia miaka mitatu, halafu yeye akaja na hati yake. Nadhani wengi mliosema mmedanganywa mlikuwa mmejenga nyumba ya namna hiyo. Mlishaamua nani mwema na nani mbaya, na mlishaanza kumsamehe mmoja wao. Mwisho ule ukawahamisha usiku. Hilo linauma, na siwaambii lisiwaume. Nawaomba tu mtofautishe maumivu ya kuhamishwa na kosa la kudanganywa, kwa sababu kosa lina ushahidi, na ushahidi unatafutwa kwa kurudi nyuma.

Nami nimerudi. Tangu Jumatatu hadi Alhamisi nimeisoma riwaya yote upya, penseli mkononi. Hesabuni sahani zilizowekwa mezani katika sura ya pili. Tazameni viatu vyenye tope vya sura ya tano, ilhali mvua haijanyesha tangu ukurasa wa kwanza. Katika sura ya saba chemli inazimwa ghafla na watu wote wanauliza kulikoni, isipokuwa mmoja. Nimepata mahali kumi na moja ambapo mwandishi ameacha nyayo. Sehemu nne kati ya hizo sikuziona hata kidogo nilipoisoma mara ya kwanza, mimi niliyefundisha Kiswahili miaka 34. Mwandishi huyu amefanya kazi kwa uangalifu mkubwa, na anastahili kuheshimiwa kwa hilo.

Hapo wale wa upande wa pili msianze kufurahi. Alhamisi jioni mmoja wenu alipita hapa, nikamwambia, mjukuu wangu, ulisema ulijua tangu mwanzo, hebu nionyeshe. Akanionyesha mahali patatu, na pote pako baada ya sura ya ishirini, ambapo mambo yalikuwa yamekwisha kupambazuka. Viatu hakuviona. Sahani hakuzihesabu. Aliyejua tangu mwanzo ni mwandishi peke yake. Mtu akishaonyeshwa njia huiona imenyooka, akasahau kwamba naye dakika chache zilizopita alikuwa porini. Wala si dhambi kushangazwa. Riwaya ya namna hii imeandikwa ili ikushangaze. Anayejivunia kutoshangaa anajivunia kukosa chakula alicholipia.

Na wale mnaolalamika, kuna mahali mna haki, nami nitapataja kwa kuwa sipendi kumtetea mwandishi kuliko anavyostahili. Ni sura ya kumi na nne, pale inaposemwa kwamba mtu fulani "alilala usingizi wa mtu asiye na deni." Laiti ingekuwa ni mhusika anayesema hivyo kumhusu mwenzake, ningenyamaza, kwa sababu wahusika hudanganyana kama sisi tunavyodanganyana. Lakini hapo anayesema ni msimulizi, kwa sauti yake mwenyewe, ile sauti tuliyoiamini itupeleke. Na haikuwa kweli. Kumficha mtu jambo ni ufundi, kumwambia uongo mdomoni ni jambo jingine. Sentensi ile nimeisoma mara nyingi nikitafuta namna ya kuiokoa, nimeshindwa. Ningekuwa mhariri ningeiondoa. Sasa pimeni wenyewe: sentensi moja mbovu, nyayo kumi na moja za kweli.

Ubishi huu hamkuuanza ninyi. Mwaka 1926 Agatha Christie wa Uingereza alitoa riwaya yake The Murder of Roger Ackroyd, na mwisho wake ukawagawa wasomaji vilevile. Wapo waliosema amewachezea rafu. Wapo waliomtetea, akiwemo Dorothy L. Sayers, aliyekuwa mwandishi wa riwaya za upelelezi kama yeye. Mwaka 1929 padri mmoja, Ronald Knox, akaandika sheria kumi za riwaya hizo, na mojawapo inadai kwamba mpelelezi asipate dalili yoyote ambayo msomaji hajaonyeshwa papo hapo. Napenda kwamba ni padri aliyeona jambo hili linahitaji amri kumi. Maana kiini chake ni uaminifu: nifiche unavyotaka, lakini funguo niwekee humohumo ndani ya nyumba. Na ile riwaya ya Christie, mwaka 2013 chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu cha Uingereza kiliipigia kura kuwa bora kuliko zote. Miaka 87 baadaye! Waliokasirika mwanzoni wengi wao walikuwa wamekwisha kufa, kitabu bado kinasomwa.

Nimeiacha mwishoni habari iliyoniumiza kuliko zote. Katika nakala ya tatu, kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, mtu ameandika kwa kalamu ya wino jina la aliyefanya lile jambo. Jina tu, na mstari chini yake. Sijui ni nani na sitamtafuta. Mwenzake wa zamu inayofuata alifungua kitabu ndani ya kivuko cha Msangamkuu akitarajia siku nne za raha, akakuta jina. Alinirudishia kitabu bila kukisoma.

Ninyi nyote mmekua na vitendawili. Mtu akitega nawe ukashindwa, hakupi jibu hivihivi. Anakwambia, nipe mji. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mgumu kwenye hilo. Ukimpa Newala anakataa, Newala naishi, nipe mji wa maana. Ukimpa Lindi anakwenda, anakaa, anakusimulia alivyopokelewa Lindi na kulishwa samaki wa kupaka, na wewe umekaa kitako roho iko juu, ndipo anakwambia jibu. Mji ule ndio bei ya jibu. Msomaji naye hulipa mji: siku zake, mafuta ya taa yake au umeme wake, huruma yake, makisio yake yanayovunjika moja baada ya jingine. Ukimwandikia jina ukurasa wa kwanza, unakuwa umempa jibu ambalo hajalilipia, na jibu la namna hiyo halina ladha yoyote mdomoni.

Kuna jambo zito zaidi, nami nalisema kwa adabu, kwa kuwa lina wenyewe. Kwetu kwenye nyanda za juu za Makonde, siku ya ngoma, lipiko, yaani mcheza ngoma aliyevaa kinyago, linapotoka, wanawake na watoto hukimbia. Anayecheza ndani ya kinyago kile hatajwi. Inasemwa si mtu. Nilipokuwa mdogo nilikimbia kwa hofu ya kweli, nikajificha nyuma ya ghala la mahindi mpaka ngoma ikaisha. Baadaye nikawa mke na mama. Wajukuu zangu, mwanamke humjua mumewe kwa kisigino. Nililiona lipiko likikanyaga na ule mguu wa kushoto ninaouosha mimi ukiumwa, na nikajua. Wenzangu pia walijua, kila mmoja kwa namna yake. Tulifanya nini? Tulikimbia. Tulikimbia tukipiga kelele pamoja na mabinti zetu ambao walikuwa hawajui, na nawaapia kelele ile haikuwa ya kuigiza, kwa sababu ngoma ilikuwa nzuri na lipiko lilikuwa lipiko. Hata siku moja sikumnong'oneza binti yangu. Sikuwa na woga wa kuadhibiwa. Siku yake ya kukimbia ilikuwa yake, mimi yangu nilishaipata.

Ndiyo maana siwezi kukubali hoja ya yule aliyesema kwamba kitabu kikiharibika kwa kuujua mwisho, basi hakikuwa kitabu. Nusu yake ni kweli. Mimi nimeisoma mara ya pili nikijua kila kitu na nimefaidi zaidi. Lakini raha ya mara ya pili haichukui nafasi ya mara ya kwanza, na ya kwanza huja mara moja tu. Kule London kuna mchezo wa jukwaani wa huyohuyo Christie, The Mousetrap, ulioanza kuonyeshwa mwaka 1952, na kila onyesho likiisha watazamaji huombwa wasiwasimulie wengine mwisho wake. Wanaombwa tu, hakuna askari mlangoni.

Nami nawaomba. Waliokwisha kusoma, rudini kwenye sura ya pili, ya tano na ya saba kabla hamjasema neno jingine juu ya mwandishi, na mje na ukurasa, msije na kelele. Wale watano waachieni njia mpaka wamalize. Tukikutana kabla hawajamaliza tutasoma kitu kingine, mashairi labda. Waliomcheka yule binti, nendeni kwao. Hamhitaji kueleza chochote kuhusu riwaya, kaeni naye tu, mama yake anauza vitumbua na atawakaribisha.

Nakala ya tatu nimeibandika karatasi nyeupe juu ya ule ukurasa kwa uji wa muhogo, nikaianika upenuni tangu asubuhi ikauka vizuri. Jina halionekani hata ukiinua kwenye mwanga, nimejaribu. Mwenye zamu aliyeirudisha, wewe uliyekuwa kivukoni, najua jina umeshaliona. Lakini hujui ni jina la nani, maana bado hujakutana naye, na ndani ya familia ile majina yanarithiwa. Zaidi ya hapo sisemi. Kitabu kiko juu ya kabati. Njoo ukichukue kabla ya magharibi.

Bibi yenu,
Chikongola, Mtwara