Gawanyeni kwanza kwa idadi ya watu, ndipo mtuambie nani kampita nani

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Mengi nimeyavumilia. Lakini ile ripoti yenu ya kurasa mbili ya Jumamosi iliyopita, yenye mchoro wa wakimbiaji waliovaa bendera vifuani, imenishinda. Mmetangaza kwamba nchi zinazoinukia kiuchumi zitayapita mataifa tajiri, na mkataja hata mwaka ambao kila moja itapita, kana kwamba ni ratiba ya treni. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali mlipogawanya kwa idadi ya watu. Sikupaona.

Nimefundisha hisabati miaka 31. Mwanafunzi aliyeniletea jibu la namna hiyo nilimrudishia daftari lake.

Chukueni India, mliyoiweka mbele kabisa katika mchoro wenu. Ni kweli mwaka 2022 uchumi wake uliupita wa Uingereza, ukashika nafasi ya tano duniani. Ni jambo kubwa, hasa ukikumbuka nani alimtawala nani, na sina nia ya kulibeza. Lakini India ina watu zaidi ya bilioni 1.4, na Uingereza haifiki milioni 70. Ukigawanya, fungu la Mhindi ni takriban dola 2,500 kwa mwaka, la Mwingereza ni karibu dola 50,000. Sasa chukueni kalamu. Wa kwanza pato lake likue kwa asilimia 6 kila mwaka, wa pili kwa asilimia 1 tu. Mwaka wa kwanza yule wa 2,500 anaongeza dola 150. Yule wa 50,000, aliyekua kwa kujikongoja, anaongeza 500. Pengo limepanuka. Na litaendelea kupanuka kwa takriban miaka 25 kabla halijaanza kupungua, ingawa miaka yote hiyo magazeti yatakuwa yakiandika kwamba maskini anakimbia mara sita ya tajiri. Kumfikia kutamchukua miaka 62, kwa sharti kwamba asiteleze hata mwaka mmoja. Akishuka kwa asilimia 4 mwaka mmoja tu badala ya kupanda kwa 6, ongezeni miaka miwili mingine. Hesabu hii ingeenea katika nafasi ya mguu mmoja wa wale wakimbiaji wenu.

Ukubwa si utajiri, na historia imeshalionyesha hilo kwa uchungu. Kwa makadirio ya Angus Maddison, mwanahistoria wa uchumi, mwaka 1820 China na India kwa pamoja zilizalisha karibu nusu ya mali yote ya dunia. China ndiyo ilikuwa na uchumi mkubwa kuliko wote. Miaka 22 baadaye ililazimishwa kutia saini Mkataba wa Nanjing mbele ya meli za kivita za Uingereza, nchi yenye watu wachache mno kuliko yeye, na India wakati huo sehemu yake kubwa ilikuwa chini ya kampuni ya wafanyabiashara wa London. Kuongoza kwa jumla hakukuwafaa kitu wakulima wa Bengal wala wa Guangdong.

Mtauliza kwa nini mzee mstaafu anapandwa na hasira kwa ajili ya mchoro. Nitawaambia. Mwaka 2007, miezi michache baada ya kupokea kiinua mgongo changu, alinijia mshauri wa uwekezaji wa kampuni moja ambayo sitaitaja. Mkononi alikuwa na ukurasa wa gazeti uliokatwa vizuri na kutiwa ndani ya plastiki. Mchoro ulikuwa ule ule: Brazil, Urusi, India na China zikipanda, Marekani na Ulaya zikilala. Jina BRIC, yaani herufi za kwanza za nchi hizo nne kwa Kiingereza, lilitungwa na Jim O'Neill wa benki ya Goldman Sachs mwaka 2001, na mwaka 2003 benki hiyo ikatoa makadirio yaliyofika hadi 2050. Kufikia 2007 habari hiyo ilikuwa kila mahali. Nilimuuliza swali moja: uchumi wa nchi ukikua, ni lazima faida ya mwenye hisa ikue? Akasema, "Mwalimu, hilo liko wazi." Mke wangu aliomba tungoje mwaka mmoja. Nikamwonyesha mchoro. Nikaweka theluthi moja ya kiinua mgongo katika mfuko wa hisa za masoko yanayoinukia, na mwaka uliofuata masoko hayo yakapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Nilikuja kujifunza kwa gharama yangu kwamba jibu la swali langu lilikuwa hapana. Kipimo cha soko la hisa la Shanghai kilivuka pointi 6,000 mwezi Oktoba 2007. Uchumi wa China umekua mara kadhaa tangu hapo, na miaka 17 baadaye kipimo hicho kilikuwa bado karibu na nusu ya pale. Kampuni mpya ziliuza hisa mpya, ushindani ukala faida, na ukuaji ule mkubwa ukapita kando ya mwenye hisa wa zamani. Nilipopiga simu, yule mshauri alikuwa ameshahama. Kampuni ikanijibu kwamba makadirio si ahadi, na kwamba maneno hayo yalikuwa chini ya mkataba kwa herufi ndogo. Yalikuwepo, kweli. Katika ule ukurasa wa gazeti hayakuwepo hata kwa herufi ndogo, na katika ripoti yenu ya Jumamosi hayamo pia. Najua kuna mtu mahali fulani wiki hii ameikata ripoti hiyo na kuitia ndani ya plastiki.

Tena kuna jambo la vipimo, ambalo gazeti lenu limelizoea vibaya. Katika jedwali moja mmeweka China kwa nguvu ya manunuzi, yaani pato linalohesabiwa kwa kuzingatia bei za kila nchi, kipimo ambacho kwa takwimu za Shirika la Fedha la Kimataifa kiliivusha mbele ya Marekani karibu mwaka 2014, na mstari wa chini yake mmeiweka Ujerumani kwa dola za kawaida. Hizo ni kilo na lita. Kwa dola za kawaida uchumi wa China ulikuwa takriban robo tatu ya ule wa Marekani mwaka 2021, na kufikia 2024 ulikuwa umerudi karibu na theluthi mbili. Hamkuandika. Nchi pia hupita nyingine kwa kubadilisha namna ya kuhesabu. Mwaka 1987 Italia ilijitangaza imeipita Uingereza baada ya watakwimu wake kuongeza shughuli za kichinichini katika hesabu ya pato. Aprili 2014 Nigeria ilihamisha mwaka wa msingi wa takwimu zake, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia, kutoka 1990 hadi 2010, pato lake likapanda kwa asilimia 89 kwa mkupuo, ikaipita Afrika Kusini, na siku ile hakuna kiwanda kipya kilichofunguliwa kwa sababu hiyo. Marekebisho yale yalikuwa halali na yalihitajika. Aliyekosea ni mwandishi aliyeyaita ushindi. Na nikiwa hapo, naomba mtu mmoja katika chumba chenu cha habari apewe kazi ya kutofautisha bilioni na trilioni. Mwaka huu nimehesabu makosa manne, na masahihisho yake yote yalifichwa chini ya matangazo ya vifo.

Utabiri wa kupitana ni wa zamani. Mwaka 1961 chama cha Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti, kiliandika katika mpango wake rasmi kwamba ndani ya muongo ule umoja huo utaipita Marekani kwa uzalishaji wa kila mtu. Desemba 1991 umoja wenyewe haukuwepo. Katika miaka ya 1980 ikaja zamu ya Japani, na watu wenye akili timamu waliamini. Soko la hisa la Tokyo likafika kilele siku za mwisho za 1989 na halikukiona tena hadi Februari 2024. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, ndivyo tulivyofundishwa, na magazeti yaliyoshangilia mbio hizo hayakurudi kutuambia ukingo ulikuwa wapi.

Msije mkadhani nasema haiwezekani. Inawezekana, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mlikuwa na habari nzuri mikononi mkaiacha. Singapore ilipotengana na Malaysia mwaka 1965 pato la mtu wake lilikuwa takriban dola 500. Leo limezidi 80,000 na kumwacha mbali Mwingereza aliyemtawala. Korea Kusini ilitoka vitani mwaka 1953 ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa, na leo Mkorea na Mjapani wako sawa, kwa kipimo cha nguvu ya manunuzi Mkorea ametangulia. Wakorea waligawa upya ardhi, wakajaza watoto shuleni kabla hawajawa matajiri, wakaanzisha kiwanda cha chuma cha Pohang mwaka 1968 huku wakopeshaji wa nje wakisema ni mradi usiolipa, na kampuni zilizobebwa na serikali zikatakiwa kuuza nje. Lakini waliofika ni wachache. Benki ya Dunia ilihesabu mwaka 2012: kati ya nchi 101 zilizokuwa na kipato cha kati mwaka 1960, ni 13 tu zilizokuwa zimevuka kuwa tajiri kufikia 2008. Wengine hawakukosa mbio. Brazil ilikua kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka kati ya 1968 na 1973, kisha madeni ya miaka ya 1980 yakaipotezea muongo mzima. Argentina mwaka 1913 ilikuwa na pato la mtu lililozidi la Ufaransa. Leo halifiki nusu yake. Tofauti ya Korea na Brazil haikuwa katika miaka mizuri, iko katika miaka mibaya: Korea ilianguka mara chache, na kila ilipoanguka, 1980, 1998 na 2020, iliinuka mwaka uliofuata.

Kwa hiyo nawaomba hivi. Kila mnapoandika neno "itapita", wekeni kando yake kisanduku chenye namba tatu na si zaidi: pato la nchi yote, pato hilo likigawanywa kwa watu, na idadi ya miaka ambayo pato la mtu lilishuka katika miaka 40 iliyopita. Hiyo ya tatu ndiyo itakayowasaidia wasomaji kuliko mchoro wowote. Pili, kila Jumamosi ya kwanza ya Januari chapeni upya, ukurasa wa tatu, kila utabiri wa uchumi mliouchapa miaka kumi nyuma, pamoja na jina la aliyeutoa na kilichotokea. Mkikosa mtu wa kuzipekua nakala za zamani, mimi nina muda. Nimezihifadhi tangu 2007, zimepangwa kwa tarehe.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa hisabati