Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: zamu ya usiku iwe na wauguzi wawili

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Rais, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Mtumba, Dodoma.

Pokea salamu za wauguzi na wakunga wa zahanati na vituo vya afya vya Mkoa wa Dodoma, kuanzia Chemba na Bahi hadi Mpwapwa. Tunakuandikia hadharani kwa sababu njia ya ofisini imeshafuatwa mara nyingi: wauguzi wafawidhi wanaandika kwa waganga wafawidhi, waganga wafawidhi wanaandika halmashauri, na jibu linalorudi ni moja, subirini kibali cha ajira.

Kilichomaliza subira ni mwenzetu aliyesimamishwa kazi mbele ya mkutano wa hadhara, baada ya mtoto mchanga kufariki usiku katika kituo ambacho hatutakitaja. Aliulizwa, "Ulikuwa wapi?" Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeagiza daftari la zamu liletwe. Lingeletwa, pangeonekana jina moja la muuguzi usiku ule, na wajawazito watatu kwenye chumba cha uchungu.

Mheshimiwa, tunaomba utusikilize kuhusu dakika moja tu ya kazi yetu.

Mama amejifungua saa 8 usiku na mtoto hajalia. Unamkausha, unatoa kitambaa kilicholowa na kumfunika kwa kikavu, unamsugua mgongo. Hapumui. Unafunga na kukata kitovu, unamlaza mezani, unaweka barakoa ya ambu, mfuko wa kupumulisha kwa mkono, puani na mdomoni na kumpa pumzi 40 kwa dakika, huku ukitazama kama kifua kinapanda. Kisipopanda, unanyoosha kichwa upya na kubana barakoa vizuri. Ukiacha kubonyeza, pumzi imesimama. Katika dakika hiyo hiyo mama anatakiwa achomwe oksitosini, dawa ya kuzuia damu kumwagika, yuniti 10 pajani. Kisha kondo litolewe kwa kuvuta kitovu taratibu, mkono mwingine ukiuzuia mji wa mimba juu ya kinena. Kondo likitoka, mji wa mimba ukandwe mpaka uwe mgumu. Damu ikifika nusu lita ni dharura: dripu mbili, mpira wa mkojo, kukagua kama kuna michaniko.

Hesabu mikono, Mheshimiwa. Ambu na barakoa vinataka mikono miwili. Kondo linataka mikono miwili. Muuguzi aliye peke yake lazima achague nani asubiri, na damu haisubiri wala ubongo wa mtoto hausubiri. Kesho yake anaandikiwa barua ya kujieleza.

Kifafa cha mimba ni hivyo hivyo. Magnesiamu salfeti huanza kwa gramu 4 kwenye mshipa, polepole, kwa dakika zisizopungua 5, kisha gramu 10 kwenye misuli, 5 kila kalio. Baada ya hapo ni gramu 5 kila saa 4, na kabla ya kila dozi unahakikisha pumzi hazijashuka chini ya 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo umefika angalau mililita 100 katika saa 4 zilizopita. Dawa ikizidi, mgonjwa anaacha kupumua, kwa hiyo dawa ya kuizimua, kalsiamu glukoneti, lazima iwe karibu na macho yawe pale. Nani anakaa naye, wakati kitanda cha pili mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kusikilizwa kila nusu saa na kuandikwa kwenye patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu? Wakaguzi wanapokuta patografu imejazwa baada ya mama kujifungua wanasema ni uzembe. Upo uzembe, hatukatai, na anayezembea awajibishwe. Lakini karatasi nyingi za namna hiyo zimejazwa na mtu aliyekuwa mbio kati ya vitanda.

Halafu kuna rufaa. Mfumo wa m-mama ni msaada mkubwa: unapiga 115, gari linakuja. Ila mama anayetoka damu hapakiwi garini peke yake. Muuguzi anapanda naye, anashikilia dripu, anakanda tumbo njia nzima. Masika makorongo yakijaa, safari hiyo inaweza kula usiku wote. Kituoni amebaki mlinzi, na mjamzito anayefuata anabisha hodi kwenye jengo lenye taa na lisilo na mkunga.

Tunasikia kwamba kuwapata wauguzi wa kutosha ni mzigo usiobebeka. Tumepiga hesabu. Muuguzi anafanya zamu 5 kwa wiki. Ukitoa likizo ya siku 28, zinabaki wiki 48, yaani zamu 240 kwa mwaka. Nafasi moja isiyoachwa wazi asubuhi, jioni na usiku ni zamu 1,095 kwa mwaka. Gawanya, unapata wanne na nusu, na hapo hujatoa ugonjwa, misiba wala semina. Weka watano. Sasa ongeza mtu wa pili usiku tu: zamu 365 zaidi, ambazo wauguzi wawili wanazimaliza na kubakiza akiba ya dharura. Wawili kwa kituo, Mheshimiwa. Ndicho tunachokiomba.

Zahanati yenye wauguzi wawili kwa jumla haipo hata kwenye hesabu hiyo. Pale kila mmoja anaitwa kila baada ya usiku mmoja, na asubuhi anafungua kliniki ya wajawazito, anachanja watoto, anajaza vitabu vya MTUHA vya takwimu za afya na kuhesabu dawa. Mwongozo wa ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, wa 2014 hadi 2019 uliweka watumishi wasiopungua 15 kwa zahanati na 39 kwa kituo cha afya. Hayo yalikuwa maandishi ya Serikali yenyewe.

Kwa nini hawapo? Kwa tunavyoona, sababu ziko nyingi na zimerundikana. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa mwaka 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yameinuka, mengine kwa tozo za miamala ya simu za mwaka 2021, na tunashukuru kwa dhati, ila ajira hazikukimbia na matofali. Uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017, ambao taarifa yake ilikabidhiwa hapa hapa Dodoma ikiwa na majina zaidi ya 9,900, uliondoa pia watumishi wa afya, na pengo lao vijijini bado linaonekana. Wengine wamo kwenye orodha ya kituo lakini wako masomoni, au likizo ya uzazi ya siku 84, au wamehama kumfuata mwenza, na nafasi inahesabiwa imejaa. Na anayepangiwa kijiji kisicho na nyumba ya mtumishi anaanza kutafuta uhamisho mapema. Hatumlaumu.

Wakati huo huo wauguzi wenye cheti, stashahada na shahada, waliosajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, wanakaa nyumbani miaka au wanajitolea kwa nauli tu. Wapo hapa mjini, wapo Kondoa, wapo Mvumi. Kibali kikichelewa, ruhusu kwa waraka vituo vitumie sehemu ya mapato yao na ya fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti zao kuwaajiri kwa mkataba, kwa zamu ya usiku. Wasimamizi wengi wanaogopa kufanya hivyo bila maandishi, wakihofia hoja ya ukaguzi. Maandishi hayo yako mikononi mwako.

Na kabla muuguzi yeyote hajasimamishwa kwa kifo cha usiku, anayemsimamisha alisome kwanza daftari la zamu.

Kila tarehe 12 Mei tunaambiwa kwamba wauguzi ni uti wa mgongo wa huduma za afya. Mwaka huu tunaomba orodha ya mgao wa watumishi ianze na vituo vinavyozalisha vyenye jina moja usiku. Posho ya sare inaweza kungoja kidogo. Madai ya masaa ya ziada tutaendelea kuyafuatilia kwa utaratibu wake. Hili la wawili usiku lisingoje, Mheshimiwa. Wawili usiku.

Wako katika utumishi,
Wauguzi na Wakunga wa zahanati na vituo vya afya,
Mkoa wa Dodoma.

Nakala: Waziri wa Afya, Msajili, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, Chama cha Wauguzi Tanzania.