Kila mtumiaji wa mashine ya maabara awe na akaunti yake

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linalotusumbua sisi wa maabara za hospitali, ambalo mgonjwa halijui ingawa yeye ndiye wa kwanza kuumia. Ni mashine moja kutumiwa na watu wengi kwa jina moja na neno la siri moja.

Katika maabara kadhaa nilizopita, neno hilo limeandikwa kwa wino mzito juu ya plasta na kubandikwa ubavuni mwa mashine ya kemia ya damu. Mara nyingi ni akaunti ya msimamizi, ileile aliyoiacha fundi siku ya kufunga mashine. Zamu ya asubuhi inaitumia, zamu ya usiku inaitumia, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo nao wamo. Aliyehamishwa mwaka jana bado analikumbuka neno lenyewe.

Tazama kinachoweza kutokea. Kontroli, yaani sampuli ya majaribio ambayo jibu lake linajulikana, ya kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) ikitoka nje ya mipaka, utaratibu ni kusimamisha kipimo, kukagua kitendanishi (dawa ya kupimia) na kufanya kalibresheni upya, yaani kuirekebisha mashine isome sawasawa. Lakini mwenye haki za msimamizi anaweza kuingia kwenye mipangilio, akapanua mipaka, na jibu la kontroli likaonekana limerudi ndani. Majibu yanaendelea kutoka, na daktari anapanga dozi kwa kutegemea figo ambazo hakuna aliyezipima sawasawa. Baadaye kumbukumbu za mashine zikifunguliwa, saa ipo, badiliko lipo, na aliyebadili ameandikwa "admin". Utamwuliza nani? Lawama humwangukia aliyekuwa zamu, aghalabu yule mdogo kazini. Nimeona kijana akiandikiwa barua ya kujieleza kwa jambo ambalo hakuna awezaye kuthibitisha kwamba alilifanya, wala kwamba hakulifanya. Liliniuma sana.

Mashine nyingi zina uwezo wa kulizuia hili. Programu ya GeneXpert, tunayopimia kifua kikuu, ina ngazi tatu za watumiaji, na msimamizi ndiye anayeamua nani apime tu na nani aruhusiwe kugusa data au mipangilio. Kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, ISO 15189, toleo la 2012, kilishaitaka maabara ieleze nani aone taarifa za mgonjwa, nani aingize majibu, nani ayabadilishe na nani aidhinishe yatoke. Na Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Wenzangu watasema: usiku wa manane ameletwa mgonjwa wa dharura, umesahau neno lako, msimamizi amelala. Ni kweli hutokea. Basi wasimamizi wawe wawili, na neno la dharura likae kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa. Ikifunguliwa, iandikwe kwenye daftari nani kaifungua na kwa nini, na asubuhi neno libadilishwe. Mtumishi akihama, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo, lakini isifutwe, ili kazi alizofanya zibaki na jina lake.

Ombi langu kubwa ni kwa wanaosaini mikataba ya kununua na kukodi mashine hizi. Wapo wauzaji wanaoondoka na neno la msimamizi. Tukitaka kumwongeza mtumishi mpya, tunapiga simu Dar es Salaam na kusubiri, na wakati tukisubiri anatumia akaunti ya mwenzake. Kipengele kimoja kwenye mkataba kingetosha: siku ya kukabidhi mashine, akaunti ya msimamizi ikabidhiwe kwa maabara, na watumishi wafundishwe kuitumia kabla malipo ya mwisho hayajatoka.

Mteknolojia wa maabara,
Dodoma