Malalamiko: Mauser ya Tanga 1914 siyo hiyo mliyoonyesha, rekebisheni au mnirudishie hela

Kwa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu, nililipia ule mfululizo wa video za historia ya silaha, na naandika barua hii baada ya kijana wenu wa chati kunijibu "asante kwa maoni yako" halafu akafunga mazungumzo. Haya sio maoni jamani, ni malalamiko, nimelipa hela yangu.

Tatizo liko kwenye kipindi cha bunduki za bolti, yaani zile za kufungua na kufunga kwa mkono kila unapopiga, kama hizi Mauser za Mjerumani. Mkifika kwenye vita ya Tanga, Novemba 1914, pale Waingereza waliposhuka na meli wakapigwa na Mjerumani, mnaonyesha askari wa Mjerumani anasukuma klipu ya risasi tano kwenye Mauser 98, yaani ile mpya ya mwaka 1898, anapiga pa pa pa pa pa, na hewa safi kabisa. Hapana! Kombania nyingi za Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, wakati ule bado zilikuwa na Mauser ya 1871, ile ya risasi moja moja, milimita 11, baruti nyeusi. Hiyo unainua mkono wa bolti, unavuta nyuma, unaweka risasi moja kwa vidole, unasukuma, unalaza mkono, ndo unafyatua. Ukivuta bolti tena ganda halirukiagi nje, maana haina kitu cha kulirusha, inabidi uilaze bunduki ubavu ganda lidondoke lenyewe ndo uweke nyingine. Na moshi sasa, kila ukipiga wingu zima linabaki hapo ulipo na adui hana haja ya kukutafuta. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliilalamikia hiyo baruti, nyie mmeifuta tu.

Mnaweza kusema kakosa kadogo, ila kanaharibu stori nzima. Waingereza na wanajeshi wao wa India walivyokimbilia melini waliacha bunduki za kisasa za kutosha kombania zaidi ya 3, bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi kama laki 6, sasa kama askari walikuwa na Mauser 98 tangu mwanzo hizo nyara zina maana gani? Na ile meli ya Rubens iliyomletea Mjerumani silaha na risasi, iliyopigwa na Waingereza pale ghuba ya Manza Aprili 1915, mtazamaji ataelewaje kwa nini watu walihangaika kupiga mbizi kuutoa mzigo wake?

Halafu biashara ya kuuza nje. Mmeipa sentensi moja, "bunduki hizi ziliuzwa duniani kote", basi, mkarudi kwenye muziki. Wakati hapo ndo penye utamu wenyewe! Kwanza Mauser hakubuni bunduki ya bolti kama mlivyoandika kwenye picha ya mbele, Dreyse wa Prussia (dola ya Wajerumani wakati huo) alishaingiza yake jeshini 1841, na mwaka 1866 kwenye vita ya Königgrätz Waaustria walikuwa bado wanashindilia risasi kwa mdomoni mwa mtutu wamesimama huku Mprussia anajaza amelala chini. Baada ya hapo kila serikali ikataka yake. Ndugu wawili wa mji wa Oberndorf, Ujerumani, Paul na Wilhelm Mauser, wakapata oda ya Serbia ya bunduki laki 1, na mwaka 1887 kiwanda kikapata ya Waturuki, laki 5 na karabini (bunduki fupi) elfu 50 juu. Ila Mfaransa alikuwa ameshatoa bunduki yake ya Lebel mwaka 1886 yenye baruti isiyo na moshi, kwa hiyo oda ya Mturuki ilizeeka kabla haijaisha kutengenezwa, na kwa vile walikuwa wajanja kwenye mkataba wakadai wabadilishiwe, wakapewa za milimita 7.65.

Bunduki za zamani zilizobaki, kama hiyo Mauser ya 1871, zilienda wapi? Nyingine ndo hizo walizopewa askari wa makoloni. Na mwaka 1890 mataifa makubwa yakakubaliana Brussels kwamba bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika kwenye eneo kubwa la bara hili, gobori ndo ziruhusiwe. Ndo maana Maji Maji 1905 watu wanaingia na magobori na mikuki mbele ya bolti na bombomu. Hili hamjaligusa kabisa, na mnauza kipindi hiki hapahapa kwetu!

Msinijibu tena kwamba "ni igizo tu", tangazo lenu linasema "usahihi wa kihistoria" kwa herufi kubwa.

Ninachotaka: ile sehemu ya Tanga itolewe au irekebishwe, maneno ya picha ya mbele yabadilishwe, na hela ya kipindi hicho irudi kwenye namba ileile niliyolipia. Vocha ya kuangalia vipindi vingine sitaki, mlishanitumia na sijaitumia. Na anijibu mtu anayehusika na vipindi, sio chati.

Mteja wenu,
Tanga