Unga uko kwenye kompyuta, stoo hamna

Wenye vinu vya sembe wanaotutafuta tuwaunganishie mizani na mashine zao na kompyuta ya ofisini, wengi wana kilio kimoja: mhasibu kwenye Tally, ile programu ya uhasibu, anaona unga upo, mteja ameshakatiwa risiti ya EFD, gari limefika kupakia, stookipa anasema viroba havitoshi. Hapo watu wanaanza kushukiana wizi, na mara nyingi hakuna aliyeiba kitu.

Shida iko njiani. Mahindi yanapimwa getini yanaandikwa kwenye daftari, supavaiza wa usiku naye anaandika viroba vyake, asubuhi karatasi zinapelekwa ofisini, mhasibu anaingiza akipata nafasi, na 6 ya supavaiza inasomeka 0. Kilo zikipotea humo hujui zimeenda kwenye pumba, kwenye unyevu au kwenye kalamu. Unyevu msiuchukulie poa jamani! Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni asilimia 13.5 mwisho, sasa ukipokea tani 10 zenye asilimia 16 ukazikausha hadi hapo, karibu kilo 290 zimeondoka na ni maji tu, ila kwenye vitabu inaonekana kuna mtu kala.

Sisi tunachofanya, indiketa (kile kisanduku kinachoonyesha uzito) za mizani nyingi za kidijitali zina poti ya RS-232 kwa nyuma, yaani tundu la waya la kutolea data, tunachomeka hapo na uzito unaingia kwenye mfumo gari likiwa bado liko juu ya mizani. Kwenye kupaki unga tunaweka sensa inayohesabu kila kiroba, au kama mashine ina PLC (kompyuta ndogo inayoiendesha) tunasoma hesabu yake kwa Modbus, lugha ya mawasiliano ya mashine ambayo ipo tangu 1979 na mpaka leo mashine kibao zinaielewa. Pumba nazo lazima zipimwe, wengi wanazisahau wakati bila hizo hesabu haifungi. Umeme au intaneti ikikata, namba zinabaki kwenye kifaa chenye betri zinatumwa baadaye.

Kazi inayokula muda zaidi ni majina, maana stoo wanasema "kiroba cha 25", Tally imeandikwa "Sembe Super", mashine inajua programu namba 3, na zote ni bidhaa moja. Hiyo tunakaa na stookipa na mhasibu meza moja mpaka iishe.

Kingine, kompyuta ya ofisini isome tu, isipewe ruhusa ya kuwasha wala kuzima mashine, hapo hatubishani na mteja kwa sababu kuna mikono ya watu kwenye zile mashine.

Usianze na kiwanda kizima, anza na geti na kupaki. Tutumie picha ya nyuma ya indiketa yako na ya kibandiko cha modeli kwenye mashine ya kupaki, tutakwambia kama kuna kifaa cha kununua au vilivyopo vinatosha.